Kazi Huhama, Nyumba Hubaki

Siku hizi limekuwa jambo la kawaida kusikia ikisemwa kwamba Bagamoyo imefufuka. Anayesema hivyo mara nyingi ametoka Dar es Salaam siku ya Jumamosi, amepita Bunju, Mapinga, Kerege na Kiromo, na njia nzima ameona kuta za matofali ya saruji, mageti makubwa, mabati ya rangi na vibao vya viwanja vinavyouzwa. Akifika mjini anakula samaki ufukweni, anapiga picha mbele ya Boma la Wajerumani, na jioni anarudi kwake na habari njema: mji uliolala umeamka.

Mimi sipingi kwamba kuna kilichoamka. Ninachouliza leo, msikilizaji, ni kitu gani hasa. Uchumi wa mahali ukianguka, wananchi hupoteza vitu viwili kabla ya vingine vyote, navyo ni kazi na nyumba. Tungetegemea basi kwamba uchumi ukiinuka, vitu hivyo viwili vitarudi vikiwa vimeshikana mikono. Katika historia ya pwani hii, kuanzia Kaole hadi Saadani, mambo hayakwenda hivyo. Kazi iliondoka mapema, nyumba zikabaki zimesimama miaka mingi kama hakuna kilichotokea. Na ziliporudi, kila moja ilirudi kwa njia yake na kwa watu wake. Mtu anayehesabu kuta tu atapata jibu ambalo si la kweli.

Kwanza tukumbushane Bagamoyo ilikuwa ikiishi kwa nini. Vitabu vya shule vinatuambia pembe za ndovu na watumwa. Ni kweli, na biashara ya watumwa hakuna sababu ya kuipamba wala kuipunguza. Lakini fedha iliyoingia mikononi mwa watu wengi wa mji katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilitokana na mpagazi. Wapagazi hawa, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa watu huru waliokubaliana ujira. Mtu alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, kati ya pwani na Tabora, njia ya kiasi cha kilometa 800, kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Makumi ya maelfu yao walipita njia hiyo kila mwaka.

Sasa, mpagazi akifika pwani haondoki kesho yake. Pembe zimekwisha kushushwa, naye anangoja mzigo wa kurudi nao. Merikani, kaniki, ushanga na masango vinatoka Unguja kwa majahazi. Vinashushwa na wachukuzi wanaoingia majini hadi kiunoni, kwa sababu maji ya Bagamoyo ni haba na chombo kikubwa hakiwezi kusogea. Halafu vinahesabiwa, vinakunjwa, vinafungwa kwa vipimo vya mizigo. Kazi hiyo inachukua majuma, pengine miezi. Na mtu anayengoja anakula, analala, anakunywa, anashona nguo iliyochanika, anatibiwa kidonda cha mguu. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa umeajiriwa na kungoja kwa watu wengine. Wanawake walitwanga na kuuza chakula, wenye viwanja walipangisha vibanda, mafundi walishona mahema, na vijana wa Kishomvi, Kizaramo, Kikwere na Kidoe waliingia na kutoka mjini kwa mazao na vibarua. Msimu wa misafara mji ulijaa, msimu ukipita ukapumua.

Kuna wanaosema jina lenyewe, Bwagamoyo, lilitoka kwa mtumwa aliyekata tamaa alipoiona bahari. Wengine wanasema lilitoka kwa mpagazi aliyetua mzigo na moyo wake pamoja. Sitaki kuamua ugomvi huo leo. Nasema tu kwamba maelezo yote mawili yanamhusu mtu aliyetoka safarini, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mji.

Nyumba za mawe zilizopangana katika mtaa wa Kihindi zilijengwa kwa ajili ya biashara hiyo hiyo. Chini palikuwa duka na ghala, juu palikuwa makazi ya mwenye mali. Mfanyabiashara Sewa Haji, ambaye jina lake bado lipo katika jengo moja la hospitali ya Muhimbili, alitajirika kwa kazi ya kuandaa misafara: kutafuta wapagazi, kununua bidhaa, kukopesha. Henry Morton Stanley alipotaka kuingia bara kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alianzia hapa kama walivyofanya wengine. Kila aliyekwenda bara alilipa kitu Bagamoyo kabla ya kupiga hatua ya kwanza.

Sasa tuje kwenye kuanguka. Watu wengi wanaamini kwamba Bagamoyo iliuawa mwaka 1891, Wajerumani walipohamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam. Imani hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini mambo hayaendani nayo. Baada ya 1891 Wajerumani wale wale walijenga nyumba ya forodha Bagamoyo mwaka 1895, na Boma mwaka 1897. Serikali haijengi forodha mahali ambapo haitegemei kukusanya ushuru. Misafara iliendelea kuja kwa zaidi ya miaka kumi, makarani wakiwa Dar es Salaam na pembe zikiwa bado Bagamoyo. Ofisi ilihama, kazi haikuhama nayo.

Kilichohamisha kazi ni reli, na wala si reli moja. Ya kwanza haikukaribia hata kidogo Bagamoyo. Ilikuwa reli ya Waingereza kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo mzigo wa Mwanza na nchi zote zinazozunguka ziwa Victoria uliweza kupakiwa katika meli hadi Kisumu na kushuka pwani kwa treni. Mtu wa Bagamoyo hakuiona treni hiyo, ila aliona misafara ya Wasukuma ikipungua. Kisha mwaka 1905 Wajerumani wakaanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, penye bandari ya asili yenye kina. Mwaka 1907 ikafika Morogoro, 1912 Tabora, 1914 Kigoma. Kila stesheni iliyofunguliwa ilikata kipande cha safari ya mpagazi, mpaka safari yenyewe ikawa haina maana.

Hakuna aliyepewa barua ya kuachishwa kazi. Hakuna kampuni iliyotangaza kufilisika siku fulani. Mwenye kibanda aliona wapangaji wanapungua msimu huu, akasema labda mvua. Msimu uliofuata wakapungua tena. Wanaofuatilia uchumi wa leo wanajua hali hii ilivyo ngumu kuitambua ukiwa ndani yake. Na wapagazi wenyewe? Hawakukaa kungoja. Wanyamwezi wengi walikuwa tayari wameshaanza kujenga reli na kulima katika mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga. Kwa upande wao kazi ilibadilika na maisha yakaendelea. Uchumi wa koloni ulipata nafuu, tena haraka. Uliobaki pale pale ni mji, kwa sababu mji hauna miguu.

Hapa nataka kutulia kidogo, kwa kuwa watu wengi huyaona magofu wasijue nyumba ya mawe hufa vipi. Nilipata kukaa na fundi mwashi mmoja mzee pale mjini, mtu aliyejifunza kazi ya chokaa kwa baba yake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwuliza ni mvua ya mwaka gani iliyoangusha nyumba hizi. Akacheka.

"Mwanangu," akaniambia, "mvua ilikuwapo na wakati nyumba zinajengwa. Nyumba hii inaanguka siku asipokuwapo mtu wa kupanda juu ya paa."

Akanieleza kwa mpangilio. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yapoe. Dari ni boriti za mikoko, zimepangwa karibu karibu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ambao haufiki mita tatu. Juu ya boriti kuna vipande vya mawe na sakafu ya chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana. Nyumba ya namna hii inapumua. Inakunywa maji ya mvua na kuyatoa tena jua likiwaka. Lakini kila baada ya misimu michache inataka kupakwa chokaa upya na kuzibwa nyufa za juu. Si kazi ya gharama kubwa kwa siku moja, ila ni kazi isiyokwisha.

Ikiachwa, ufa mdogo juu ya paa unapitisha maji hadi kwenye ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani. Ncha inaoza. Boriti moja inashuka, inavuta wenzake, na ghorofa inakaa chini. Sasa ukuta umebaki wazi kwa juu, mvua inaingia katikati yake, udongo unalainika, ndege anadondosha mbegu ya mkuyu, mizizi inamaliza kazi. Tangu ufa wa kwanza mpaka gofu inaweza kupita miaka thelathini au zaidi, na kwa muda wote huo mpita njia anaona nyumba imesimama.

Mzee akaongeza jambo ambalo nilikuwa silijui. Baadhi ya nyumba zimekufa kwa kutibiwa. Mwenye nyumba alipata fedha kidogo, akaona chokaa ni mambo ya kizamani, akapiga plasta ya saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Maji yakabaki ndani, jiwe likaliwa taratibu nyuma ya plasta iliyo safi kabisa, mpaka siku moja upande mzima ukabomoka. Alinionyesha ukuta wa aina hiyo. Kwa nje ungeupa alama ya juu.

Ndiyo maana nasema nyumba hizi ziliishi kwa kodi na ghala. Biashara ilipokuwa hai, fedha ya chokaa ilitoka humo humo. Biashara ilipohama, mwenye nyumba alibakiwa na jengo kubwa linalomdai kila mwaka lisimpe kitu. Wengi walifuata mizigo Dar es Salaam au Unguja. Nyumba zikarithiwa na watoto, kisha na wajukuu, mpaka mlango mmoja ukawa na warithi wengi, huyu yuko Dar es Salaam, yule Mombasa, mwingine Uingereza, na hakuna kati yao mwenye fungu la kutosha kumfanya apande paa.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Waingereza waliuteka mji Agosti 1916, wakaufanya makao ya wilaya na si zaidi. Watu waliishi kwa nazi, chumvi, samaki na mkonge kidogo, na bei ya mkonge ilipoporomoka duniani miaka ya 1930 hata hicho kidogo kilipungua. Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, iliendelea kuwa miongoni mwa waajiri wachache wa kudumu. Uhuru ukaja. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote nchini. Hata pale ambapo sheria hiyo haikufika, mwenye jengo kuukuu alijifunza kuwa jengo si mahali pa kuweka akiba.

Kisha ikaja hali ngumu ambayo wazee wetu hawaisahau: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita ya Kagera 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1966, na kipo njia ya Bagamoyo yenyewe. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtu aliyekaa jirani na kiwanda hicho alitafuta kibali cha kununua mifuko michache kama yule wa Kigoma. Bati lilikuwa hadithi. Watu wakaendelea na makuti, fito na udongo, na kwa kweli makuti yaliwastiri vizuri.

Katikati ya hali hiyo ndipo palipotokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo mwanzo wa kuinuka kwa Bagamoyo, ingawa halimo katika hotuba nyingi. Mwaka 1981, nchi ikiwa haina sabuni wala unga wa kutosha, kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ngoma, maigizo, muziki, sarakasi na uchoraji. Nadhani wapo walioona ni anasa. Lakini chuo kina walimu, wapishi, makarani, walinzi, na kina wanafunzi. Tamasha la kila mwaka likaleta wageni. Ukumbi wake uliungua mwaka 2002, ukajengwa upya, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Zikaongezeka taasisi nyingine zisizo na kelele: chuo cha ukutubi na nyaraka, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu, shule za sekondari za bweni, na chuo cha uvuvi Mbegani, hatua chache kutoka Kaole. Taasisi ya Afya ya Ifakara ikafungua tawi, na watoto wa Bagamoyo walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria yaliyoanza mwaka 2009, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha itumike Oktoba 2021.

Angalia sasa taasisi hizi zilifanya nini kwa nyumba. Mwalimu anayehamishiwa Bagamoyo, mwanafunzi aliyekosa bweni, mfanyakazi wa maabara, wote wanatafuta chumba. Hawatafuti gofu la mawe wala jumba la ufukweni. Wanatafuta chumba katika nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande. Kwa hiyo katika Magomeni, Nianjema na Majani Mapana mjane mwenye nyumba alipata mpangaji, akaezeka bati mahali pa makuti, akaongeza chumba cha uani. Ni mpango ule ule wa siku za wapagazi: mtu kaja mjini kwa shughuli, analipa alale na ale. Tofauti ni kwamba safari hii anayengoja anangoja cheti au mshahara wa mwisho wa mwezi. Huku kazi na nyumba vilirudi pamoja, kwa vipande vidogo sana, na labda ndiyo sababu hakuna aliyepiga picha.

Vijijini wanawake wa Mlingotini nao walijipatia kazi kwa kulima mwani, wakifunga mbegu kwenye kamba wakati wa maji kupwa. Kazi hiyo ina shida zake, bei ni ya mnunuzi na ile aina yenye bei nzuri haistahimili joto la maji. Hata hivyo kuna nyumba za matofali kule ambazo fedha yake ilitoka baharini kwa mikono ya akina mama.

Njia ya pili ya kuinuka ndiyo ile anayoiona mgeni wa Jumamosi. Serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara katika bajeti ya mwaka 1984, na mwaka 1986 ikaafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Saruji na bati vikarudi madukani, kwa bei ya soko. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakapunguza watu, na wengi wa waliopunguzwa Dar es Salaam walichukua kiinua mgongo wakanunua kiwanja nje ya jiji. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995, kwa hiyo mtu alijenga kwa fedha taslimu, msingi mwaka huu, ukuta mwaka kesho, na ndiyo sababu ya kuta nyingi zisizo na paa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ikafika Bagamoyo, na safari iliyokuwa ya kutwa wakati wa masika ikawa ya saa moja na nusu. Sensa ya 2002 iliwakuta watu 230,164 katika wilaya nzima, Chalinze ikiwa ndani yake. Ya 2012 ikawakuta 311,740.

Ujenzi huo umeleta kazi, tena nyingi, na nisingependa kuzidharau. Fundi mwashi, saidia fundi, mpiga tofali, mchimba mchanga, mchota maji, mama lishe anayefuata mafundi na sufuria zake kutoka kiwanja hadi kiwanja. Kijana wa Kerege anaweza kupita miaka kumi asikose kibarua. Lakini kazi ya kujenga nyumba huisha nyumba inapokwisha, labda kama jirani ataanza yake. Jengo likikamilika linabaki na mlinzi mmoja, na mara nyingi mwenyewe huja mwisho wa wiki tu. Wapagazi walilala mjini miezi mizima. Mwenye jumba hili analeta chakula chake ndani ya gari.

Na kiwanja hicho kilikuwa cha mtu. Kilikuwa na minazi au mikorosho, iliyozaa kila mwaka kwa kadiri yake. Mwenyewe aliuza, kwa bei aliyoiona kubwa siku hiyo, akajenga chumba na sebule nyuma ya barabara, akanunua pikipiki kwa ajili ya mwanawe. Leo anafanya ulinzi katika shamba la babu yake. Simlaumu, wala simlaumu mnunuzi aliyelipa kihalali. Nasema tu kwamba tukihesabu nyumba mpya kuwa ni kuinuka, tuhesabu na nyumba aliyohama muuzaji. Lamu, wenzetu wa Kenya wamelijua jambo hili kwa miaka mingi: nyumba za kale zilinunuliwa na watu wa Ulaya, zikatengenezwa kwa chokaa safi na milango ikang'aa, na mjukuu wa aliyezijenga akawa mgeni mlangoni mwa babu yake, isipokuwa amekuja kufanya kazi jikoni. Magofu ya Bagamoyo yakitengenezwa yote kesho, swali litakuwa hilo hilo.

Njia ya tatu ya kuinuka ni ile inayongojwa. Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipotembelea nchi yetu, ulitiwa saini mkataba wa awali wa bandari kubwa eneo la Mbegani pamoja na eneo la viwanda, mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni 10. Mwaka 2019 Rais John Magufuli akausimamisha, akisema masharti yake hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema mazungumzo yafufuliwe. Wataalamu wanaweza kubishana juu ya masharti hayo na wana haki. Mimi naangalia upande wa pili wa karatasi. Ardhi ya vijiji vya eneo hilo ilithaminiwa ili watu walipwe na kuhama. Wapo waliolipwa, na wapo waliokaa miaka na miaka wakiwa wamehesabiwa minazi yao lakini hawajalipwa. Na mtu aliyekwisha kuthaminiwa huambiwa asiendeleze. Hapandi mnazi mpya, haongezi chumba, hata bati lililotoboka anafikiri mara mbili. Binti yake akiolewa, kijana wake akitaka kujitegemea, hakuna pa kuwaweka.

Matokeo yake ni kwamba katika pwani moja, kwa umbali wa kilometa chache, nyumba za waliotoka mjini zilikuwa zinapanda huku za wenyeji zikiwa zimefungwa kukua, kwa sababu ya kazi ambazo zilikuwa bado hazijaja. Naweza kumwelewa mtu aliyepoteza nyumba baada ya kazi kuondoka. Kupoteza nyumba kabla kazi haijafika ni jambo jipya katika historia yetu, na linastahili kuandikiwa sheria ya muda: serikali ikithamini na isilipe katika kipindi kilichowekwa, mwenye ardhi aruhusiwe kuendelea na maisha yake.

Bandari si kitu kigeni kwa watu wa huko. Kilometa tano hivi kusini mwa Bagamoyo ipo Kaole ya kale, mji ulioshamiri kuanzia karne ya 13 hadi ya 16, wenye misikiti ya mawe na makaburi ya nguzo, na vyombo vya China vilivyofukuliwa vinaonyesha ulifanya biashara na nani. Neville Chittick alipochimba hapo mwaka 1958, bahari ilikuwa imekwisha kujitenga na mji. Matope na mikoko viliziba njia ya majahazi, na shughuli zikasogea taratibu upande wa Bagamoyo. Jina la Kaole halikufutika. Richard Burton na John Hanning Speke walianzia safari yao ya bara hapo hapo katikati ya mwaka 1857. Lakini wakati huo magofu yalikuwa tayari magofu, na chokaa ilikuwa inapikwa Bagamoyo.

Leo Kaole ina ajira chache: wakata tiketi, wasafishaji, waongozaji wa wageni. Kijana mmoja alinitembeza kati ya makaburi, anajua historia kuliko mimi niliyesomea uandishi. Tulipomaliza nilimwuliza anakaa wapi. Nilidhani atanionyesha kijiji cha Kaole, kwani aliniambia amezaliwa hapo. Akasema shamba la kwao liliuzwa baba yake alipougua. Sasa amepanga chumba kimoja Magomeni, katika nyumba ya mwalimu mstaafu, na kila asubuhi anakuja Kaole kwa baiskeli.